Dakika Nne za Umeme

Gurudumu la mbele la kushoto lilitumbukia kwenye shimo lililofunikwa na nyasi, na pikapu ikapiga magoti. Chuma kilichoshika gurudumu kilikatika. Jiwe lililokuwa mbele ya shimo liliingia chini ya gari na kutoboa rejeta, na maji ya kijani yakamwagika mchangani. Kabla dereva hajafungua mlango wake, mchanga ulikuwa umeshayanywa.

"Umeumia?" aliuliza mwanamke aliyekaa pembeni yake.

"Bado," akajibu dereva. "Wewe?"

"Mimi mzima. Kompyuta pia nzima."

"Basi mambo safi. Imebaki gari tu."

Dereva alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, na kwa kuwa alimwita hivyo kila mahali, hata watu wa ofisini nao walimwita Shemeji. Mwanamke mwenyewe walimwita kwa kazi yake: Karani. Kwa miaka ishirini na miwili alifagia ofisi ya kampuni ya kuchimba visima na kuwachemshia chai wakubwa. Alipofika miaka arobaini na saba akajiandikisha darasa la jioni. Alijifunza kusoma vizuri, halafu hesabu, halafu kompyuta. Sasa ndiye aliyetunza kumbukumbu zote za visima, na safari hii alikuwa anazipeleka kwenye kambi ya wachimbaji, kilomita mia mbili ndani ya nchi kavu isiyo na mtandao wa simu. Mhandisi wa kambi alikuwa ameagiza atumwe kijana. Karani alikataa. Alisema aliyeziandika ndiye atakayezieleza.

Kompyuta yenyewe ilikuwa mpakato ya zamani. Betri yake ya ndani ilishakufa, ukiichomoa tu inazimika. Kwa hiyo Shemeji alinunua inveta, kisanduku cha ukubwa wa tofali, akakibana kwa waya mbili kwenye betri ya gari ili Karani afanye kazi njiani. "Gari linatembea, injini inatengeneza umeme, inveta inaubadilisha uwe kama wa nyumbani," alimweleza asubuhi ile. "Wewe Mwanafunzi unabofya tu." Alimwita Mwanafunzi tangu jioni ya kwanza alipomwona na daftari kwapani.

Saa saba mchana walikuta barabara imekatwa na mvua ya wiki iliyopita. Shemeji akachagua njia ya zamani, ambayo hata matairi yalikuwa yameisahau. Saa kumi ndipo walipotumbukia.

Simu hazikuonyesha mtandao. Shemeji alitoa jeki na koleo, akaanza kuchimba. Karani alibaki ndani ya gari, akawasha kompyuta kutazama kama kuna kisima chochote karibu, kwa sababu walikuwa na lita tano tu za maji. Faili lilikuwa linafunguka aliposikia mlio wa chuma, halafu sauti ya Shemeji, sauti ambayo hakuwahi kuisikia. Alifunga kompyuta, akaruka chini.

Jeki ilikuwa imezama mchangani na gari likashuka juu ya mguu wake. Karani alichukua ubao uliokuwa nyuma ya pikapu, akauingiza chini ya bampa, akauegemea kwa uzito wake wote. Gari lilinyanyuka kiasi cha vidole viwili. "Vuta," alisema. Shemeji alivuta. Mfupa ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kifundo, na ngozi ilikuwa imechanika, damu inatoka polepole, nyeusi. Karani alivunja sanduku la vipuri akapata vipande viwili vya mbao, akachana mtandio wake, akafunga mguu ule kama alivyowahi kuona muuguzi akifanya.

Usiku walilala ubavuni mwa gari. Karani aliomba kabla ya kulala, sala fupi. Hakuomba mengi. Aliomba asubuhi ifike na Shemeji awepo.

Ilifika, naye alikuwepo, uso umejaa jasho. Maji yalibaki lita tatu na nusu.

"Piga ufunguo," alisema Shemeji. "Injini bila maji inaweza kwenda dakika chache. Tupige honi, tuwashe taa, tuone kama kuna mtu."

Karani alizungusha ufunguo. Hakuna. Hata taa ndogo za mbele ya usukani hazikuwaka.

Shemeji aliinua kichwa. "Jana uliizima kompyuta?"

"Niliifunga."

"Uliifunga au uliizima?"

"Si nimekwambia niliifunga."

Kila jioni, ilipofika saa mbili, mwalimu wa darasa alikuwa akisema: haya, fungeni kompyuta twende nyumbani. Na kila jioni, kwa miaka minne, Karani alishusha kifuniko kama mtu anayefunga kitabu, akachukua daftari lake akaondoka, na mwalimu akabaki nyuma kuzima swichi kubwa ya ukutani. Ofisini nako fundi alikuwa ameipanga ile kompyuta isilale kifuniko kikishuka, kwa sababu iliunganishwa na kioo kikubwa cha mezani. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kufunga na kuzima ni vitu viwili.

Alifungua mlango wa upande wa abiria. Inveta ilikuwa imekufa. Kompyuta ilikuwa bado na uvuguvugu.

"Mwanafunzi," alisema Shemeji, na ijapokuwa mguu ulikuwa unamtesa, alianza kucheka. "Wewe umeifunga, lakini yenyewe haikufunga hata kidogo. Imekula usiku kucha."

Karani alisimama na kompyuta mikononi. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Aliwaza jinsi Mhandisi atakavyolisema jambo hili, na jinsi watu wa ofisini watakavyolirudia. Kisha akautazama mguu wa Shemeji, uliokuwa umevimba mpaka mtandio ukakaza, na aibu ikageuka kuwa kitu kigumu zaidi.

"Cheka," alisema. "Ukimaliza uniambie betri inafufuliwaje."

"Haifufuki."

"Itafufuka."

"Inaweza kuzinduka, labda. Kidogo. Madereva wa zamani walikuwa wanaianika juani. Ikipumzika na kupata joto, inarudisha nguvu kiduchu. Haiwezi kuwasha injini lakini."

"Inaweza kuwasha kompyuta?"

"Dakika tatu. Nne, kama Mungu yuko upande wako."

"Yuko," alisema Karani. "Spana gani?"

Shemeji alimwelekeza akiwa amelala. Spana namba kumi, waya mweusi kwanza, mwekundu baadaye, usiguse vyote viwili kwa chuma kimoja. Betri ilikuwa nzito kuliko mfuko wa unga. Aliibeba kifuani kama mtoto, akaiweka juu ya ubao mahali palipokuwa na jua kali, akaifuta vumbi. Kisha akaketi kwenye kivuli na penseli, akageuza karatasi ya kupokelea mizigo, na kuanza kuandika.

"Unaandika wosia?" aliuliza Shemeji.

"Naandika mtihani."

Aliandika kila kitu atakachobonyeza, kwa mpangilio. Kompyuta yenyewe ilihitaji dakika mbili kuamka. Zingebaki mbili. Visima katika kumbukumbu vilikuwa mia tatu na arobaini. Kusoma vyote hakuwezekani. Lazima atafute kwa neno moja. Neno gani? Aliwaza njia waliyopita. Kilomita tatu nyuma walipita njia panda iliyowekewa alama ya mawe yaliyopakwa rangi nyeupe, na alikumbuka kwamba mahali fulani, katika miezi minane ya kunakili majalada ya zamani, aliwahi kuandika maneno hayo: mawe meupe. Atachapa "meupe". Litatokea au halitatokea.

Alijizoeza kwenye kifuniko kilichofungwa, vidole vikigonga plastiki. Shemeji alishika saa yake ya mkononi na karatasi.

"Nitasoma, utaandika," alisema Karani. "Usiniulize kitu katikati."

"Sawa, mwalimu."

Saa nane mchana betri ilikuwa ya moto kiasi cha kuunguza kiganja. Alibana waya za inveta moja kwa moja juu yake. Alifumba macho, midomo ikacheza, akafumbua. Akabonyeza swichi. Taa ya kijani ikawaka.

"Moja," alisema Shemeji.

Kompyuta ilizunguka, ikawaza, ikaonyesha rangi ya buluu. Jasho la Karani lilidondokea herufi. Aliupunguza mwanga wa kioo mara tu kilipokubali.

"Mbili."

Faili lilianza kufunguka. Inveta ikaanza kulia, ti, ti, ti, kama kifaranga aliyeachwa. Karani hakuitazama. Alichapa m, e, u, p, e.

"Tatu."

Mstari mmoja ulitokea.

"Namba kumi na saba," alisoma, kwa sauti ileile ya darasani. "Kutoka mawe meupe, fuata korongo kavu upande wa machweo, kilomita saba. Bomba jekundu. Maji mita kumi na nne. Bolti nne. Hali—"

Inveta ililia mlio mmoja mrefu. Kioo kikawa cheusi.

"Hali nini?" Shemeji alinyanyua penseli. "Uliona?"

"Kimefungwa."

Shemeji alilaza kichwa chake mchangani. "Kimefungwa. Basi, Mwanafunzi. Tumefanya tulichoweza. Tunakaa na gari. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, gari likiharibika hutoki."

"Sheria hiyo ni ya gari linalotafutwa. Sisi wanatutafuta kwenye barabara ile nyingine."

"Kisima kimefungwa, shemeji."

"Ndiyo. Na unajua mzee aliyeandika majalada yale alikuwa anaandikaje? Mimi ndiye niliyeyasoma, ukurasa kwa ukurasa, mwandiko kama wa kuku. Kisima kikikauka aliandika kimekufa. Kikiwa na maji lakini pampu haijaja, wakakifunika kwa kifuniko cha chuma na kukaza bolti, aliandika kimefungwa. Maneno mawili. Hakuwahi kuyachanganya."

"Miaka mingapi iliyopita?"

"Mingi."

"Na kama umekosea kama jana?"

Karani alikuwa ameshaanza kukusanya vitu: spana kubwa, nyundo, kamba ya kufungia mizigo, dumu la lita kumi, chupa nyembamba. Aligeuka.

"Nilimzika kaka yako," alisema. "Wewe sikuziki. Kunywa taratibu, usimalize yote jioni."

Alimwachia lita mbili. Yeye alichukua moja.

Alitembea kurudi kwenye mawe meupe akifuata alama za matairi yao wenyewe, kisha akashuka kwenye korongo. Mchanga ulikuwa laini na ulimrudisha nyuma nusu hatua kwa kila hatua. Miiba ilimshika sketi, akaikunja na kuifunga kiunoni. Hakuwa mtembeaji. Alikuwa mwanamke wa magoti mabaya na viatu vya ofisini, na alipofika kilomita ya nne kwa hesabu ya hatua, kisigino cha kulia kilikuwa kimechubuka na kulowa. Alihesabu kwa sauti. Kila hatua elfu moja aliweka kokoto mfukoni na kusema jina la Shemeji, lile ambalo mama yake alimpa, akamkabidhi kwa Mungu, akaanza tena moja.

Jua lilikuwa limeshika ukingo wa dunia alipoliona bomba. Rangi nyekundu ilibaki upande mmoja tu, lakini lilikuwepo, limesimama hadi kiunoni mwake, na juu yake kifuniko cha chuma chenye bolti nne zilizojaa kutu. Alilikumbatia. Halafu giza likaingia na hakuweza kuona hata vidole vyake. Alikunywa fundo la mwisho, akajilaza akiwa ameegemea bomba.

Alfajiri ilipoonyesha rangi ya kwanza, aliweka spana. Bolti ya kwanza ilikataa. Aligonga kwa nyundo, akazunguka, akagonga. Ikatoa mlio, ikaachia. Ya pili ilimla ngozi ya viganja. Ya tatu ilikubali upesi, kama iliyoona aibu. Ya nne haikusogea. Aliigonga mpaka mkono ukafa ganzi. Alining'inia kwenye spana kwa uzito wote, spana ikateleza, akaanguka, akapasuka mdomo.

Alikaa chini. Ulimi ulikuwa umekuwa mnene, umegandamana na kaakaa.

"Mungu," alisema, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine, "sikuombi unifungulie. Niachie tu mikono hii mpaka saa tatu."

Alisimama, akakitazama tena kifuniko. Na alipokitazama bila hasira aliona kitu ambacho angekiona mapema kama asingekuwa anagombana nacho: bolti moja haishiki kifuniko kisizunguke. Bolti moja ni bawaba tu. Aliweka nyundo ubavuni mwa chuma, akapiga kwa upande. Mara ya sita kifuniko kilijongea. Mara ya kumi kilizunguka juu ya ile bolti ya nne, kwa mlio wa kuumiza meno, na tundu jeusi likafunguka, na kutoka ndani ikapanda harufu ya ubaridi.

Alifunga nati mbili shingoni mwa chupa ili izame. Kamba ilikuwa ya mita ishirini, aliipiga mafundo kila mita. Mita kumi na nne. Kimya. Kumi na tano. Kumi na sita. Chupa ilibembea na kugonga bomba. Kumi na saba, na kutoka chini kabisa ikaja sauti ndogo, ya kitu kinachomeza.

Maji ya kwanza yalikuwa na rangi ya kutu. Ya tano yalikuwa meupe. Alikunywa magotini, taratibu, akilia bila machozi kwa sababu mwili haukuwa na ya kutoa. Kisha akaanza kazi: chupa juu, chupa chini, mpaka dumu likajaa. Alizungusha kifuniko kikarudi mahali pake, mnyama asije akatumbukia. Akaliinua dumu kichwani, akageuka kuelekea jua.

Kurudi kulichukua muda mrefu kuliko kwenda. Alipofika, Shemeji alikuwa amejikokota hadi upande mwingine wa gari akifuata kivuli, midomo imepasuka, macho yamejaa homa. Chupa yake ilikuwa tupu. Alimtazama kwa muda kabla ya kuamini.

"Umechelewa kazini, Karani," alisema.

"Njiani kulikuwa na foleni. Fungua mdomo."

Alimnywesha kwa kifuniko cha chupa, mara thelathini, akihesabu. Alifungua mguu, akausafisha kwa maji mengi na chumvi ya akiba ya safari, na Shemeji akamtaja kwa majina ambayo mtu hamtaji mke wa kaka yake. Karani alifunga upya, akamfunika, kisha akaenda nyuma ya gari na kushusha tairi la akiba.

"Hilo la kampuni," alisema Shemeji kwa shida.

"Kampuni itaniandikia barua. Siku hizi najua kuzisoma."

Alifyonza dizeli kwa mpira, akaimwagia tairi, akawasha. Moshi ulipanda mweusi, mzito, ukasimama wima katika hewa isiyo na upepo. Siku hiyo haukuonwa na mtu. Kesho yake alifungua tairi la nyuma, akalichoma pia. Lita tano za maji zilikuwa bado zipo na homa ya Shemeji ilikuwa imeshuka kidogo. Alikuwa ameshapanga safari ya pili ya kisimani jioni, na tayari ameanza kuzungusha nati za tairi la tatu, aliposikia lori.

Mhandisi aliruka kabla halijasimama. Vijana wawili wa kambi walikimbilia kwa Shemeji na machela.

"Nani aliwaambia mpite huku?" aliuliza Mhandisi.

"Mimi," alisema Shemeji kutoka chini.

Mhandisi aliangalia gari lililokosa gurudumu la nyuma, betri iliyokaa juu ya ubao, na mwanamke mwenye mdomo uliopasuka na viganja vilivyofungwa vitambaa. Kisha akaona dumu.

"Siku nne. Maji mmeyatoa wapi?"

"Namba kumi na saba."

"Kumi na saba imefungwa."

"Ndiyo," alisema Karani. "Nimeifungua."

Karani alimpa karatasi ya mizigo, ile yenye mwandiko wa Shemeji uliopinda.

"Viko vingine kumi na vitatu vimeandikwa neno hilohilo. Nyinyi mnavuta maji kwa lori kutoka mbali, kila wiki, na mnavipita njiani. Mliwahi kuuliza lile neno maana yake nini?"

"Tulidhani..." Mhandisi alikunja karatasi, akaikunjua. "Utapumzika kwanza, Karani. Uende hospitali na huyu. Visima nitatuma vijana."

"Watume, sikatai. Ila mimi nitakuwa nao kwenye gari."

"Kwa miguu hiyo?"

"Hii hii."

Alipanda nyuma ya lori bila kushikwa mkono, akaketi, akakilaza kichwa cha Shemeji kwenye mapaja yake ili mashimo ya njia yasimuumize. Mhandisi alikuwa bado amesimama chini, mkono juu ya bodi ya lori, kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo.

"Mtafute kamba ndefu," alimwambia. "Mita kumi na nne zilikuwa za zamani. Sasa ni kumi na saba."